Albamu ya Woods imevuka pantoni kwa bahati mbaya

Haya wanangu, nimepotea, najua. Msimu wa korosho ukianza kunoga kibanda changu hakilali, na kwa mnaofika hapa leo kwa mara ya kwanza niseme tu kwamba mi niko Mtwara mjini, natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, natengeneza simu zile zenye matatizo madogo madogo, na zaidi ya yote naweka nyimbo kwenye memori na flashi. Hiyo ya nyimbo ndo inanilisha. Mnada wa kwanza ukishapita, hela zikianza kuingia vijijini, kila mtu anakumbuka kwamba redio yake haina nyimbo mpya, boda wanataka singeli, madada wa saluni wanataka amapiano, kuna mama mmoja wa maandazi yeye ni kaswida tu hataki kingine, na wazee wanataka dansi la zamani, zile za magitaa. Folda moja jero, memori ikijaa buku. Kopi, pesti, mwingine aje.

Sasa bana. Mwezi wa kumi mwanzoni akaja mzee mmoja wa Msangamkuu, kule ng'ambo ya maji, mvuvi, kofia yake ya ukili imeliwa na chumvi mpaka haina rangi, ana kiredio kile cha memori kimefungwa mpira wa baiskeli ili betri isidondoke. Shikamoo mzee, marahaba njomba, niwekee zile za kale za magitaa, hizi nilizonazo nimezichoka, nikikaa usiku kule majini najua kabla haijaanza mstari gani unakuja. Nikamwambia kaa kwenye benchi. Kwenye kompyuta yangu nina folda inaitwa GITAA 1 na nyingine inaitwa GITAA 2. GITAA 1 ni dansi, ndo inayouzwa. GITAA 2 ni ya kwangu binafsi, niliipa jina hilo ili mdogo wangu akikaa dukani asiifute akidhani ni takataka, na ndani yake kulikuwa na albamu moja tu ya bendi ya Marekani inaitwa Woods. Watu walikuwa wamejaa mlangoni, mmoja anataka fotokopi ya kitambulisho haraka haraka maana karani wa chama cha msingi anamsubiri, mi mkono huku macho kule, nikabonyeza folda siyo. Na siyo hilo tu, nikabonyeza kata badala ya kopi.

Kwa hiyo haikuwa kwamba mzee kapewa albamu yangu na mi nimebaki nayo. Albamu iliondoka. Imetoka kwenye mashine, imeingia kwenye memori ya mzee, imewekwa mfuko wa shati, imeshuka mpaka gatini, imepanda pantoni na kuvuka. Mi nagundua saa mbili usiku nafunga duka, nataka niiwashe kama kawaida yangu nikiwa napiga hesabu, nafungua folda naona nyeupe. Nikakaa kimya kidogo af nikacheka mwenyewe. Zaidi nikawa namfikiria yule mzee, saa hiyo yuko zake kwenye ngalawa katikati ya giza anawasha redio anategemea magitaa ya dansi, anakutana na jamaa anaimba kizungu kwa sauti kama ya binti.

Hapo ndo niwaeleze hii kitu yenyewe, maana nilikuwa nataka kuiandikia toka zamani nikawa naahirisha.

Woods ni bendi ya New York, walianzia Brooklyn miaka ya katikati ya 2000, na mwenye nyumba kama tunavyosema ni jamaa anaitwa Jeremy Earl. Anaimba, anapiga gitaa, na lebo inayotoa kazi zao, Woodsist, ni ya kwake mwenyewe. Mwenzake mkubwa kwenye bendi ni Jarvis Taveniere. Albamu ninayoizungumzia inaitwa Perennial, imetoka 2023, kwa hiyo mkinibana kwamba siyo mpya tena nitakubali yaishe, ila kwangu ni mpya maana mi nilichelewa kuipata na muziki wa namna hii haujui kuwahi wala kuchelewa. Wenzetu wanauita saikedeliki foku. Foku ndo ule wa kienyeji, gitaa kavu, mtu anakaa kwenye kigoda anasimulia. Saikedeliki ni mambo ya miaka ya 60 kule Uingereza na Marekani, vijana walikuwa wanatumia vitu vya kupandisha kichwa halafu wanataka muziki ufanane na wanachokiona, sauti zina mwangwi, gitaa linachezwa kinyumenyume, kitu kinaanza wimbo kinaishia msituni. Ukivichanganya hivyo viwili unapata muziki wa mtu aliyekaa kwenye kigoda lakini kigoda hakijagusa chini. Na msianze kuniuliza, mi sijanywa hata uraka, ile pombe ya mabibo. Jua la Mtwara la saa nane mchana kwenye kibanda cha bati linatosha kabisa kufanya hiyo kazi.

Haya turudi kwa mzee. Alikuja siku ya nne. Mi nilivyomwona kwa mbali nikaanza kujiandaa kuomba radhi, nikamwahi kabla hajakaa, mzee wangu samahani sana, nilikuwekea siyo, lete memori nikubadilishie bure. Akanyanyua mkono. "Njomba, tulia kwanza. Wale ni watu gani?"

Nikamwambia Wamarekani. Akaguna. Akauliza yule anayeimba ni mwanamke au ni mtoto. Nikamwambia mwanaume, mtu mzima, ana ndevu kabisa, nikafungua picha kwenye simu nikamwonesha. Akaitazama ile picha muda mrefu akaisogeza mbali na macho akairudisha karibu, akacheka mpaka akakohoa. Af akasema maneno ambayo mi nimesoma maandishi mengi ya wataalamu wa muziki kuhusu hii bendi sijaona aliyeyafikia, akasema, "Huyu anaimba kama mtu anayemwita mwenzie ng'ambo ya maji usiku, anataka yule mmoja tu asikie, hataki kijiji kizima kiamke."

Jamani, sauti ya Jeremy Earl ndo hiyo hiyo, ameimaliza. Wataalamu wanasema ni ya juu, nyembamba, ya puani, na ni kweli, watu wengi inawashinda dakika ya kwanza, mke wangu aliniuliza kama spika imeharibika. Lakini sauti nene ukiiweka kwenye redio ndogo inageuka kuwa ngurumo, haieleweki, na hii nyembamba inapita. Wavuvi wanajua. Ukimwita mtu aliye kwenye ngalawa huwezi kutumia sauti ya kifua, unaipandisha, unaivuta, unaiacha iteleze juu ya maji yenyewe. Na siyo kitu cha ajabu kwetu pia, mzee Hukwe Zawose wa kule Ugogo, Mungu amrehemu, alifariki 2003, si alikuwa anafanya hivo hivo? Anashuka chini kabisa kama anazungumza na ardhi af ghafla yuko juu kama filimbi, na ilimba yake, ile ya kupigwa kwa vidole gumba, inazunguka pale pale haina haraka. Wazungu walimsikia wakamkaribisha mpaka akarekodi na lebo ya Peter Gabriel, mwanamuziki wa Uingereza. Mtu mzima mwenye ndevu kuimba kwa sauti ya juu ni ajabu kwa anayesikiliza Bongo Fleva peke yake.

Nikamuuliza mzee, mbali na sauti nini kimekushika. Akafikiria. Akasema zile nyimbo "hazina papara". Nyingine hazina hata maneno, akasema, zinaenda tu kama mtu anapiga kasia, na yeye akajikuta anapiga kasia nazo.

Hiyo ya kasia nimeilalia usiku mzima, maana ndivyo albamu ilivyotengenezwa kweli. Earl alianza nyumbani kwake akiwa peke yake, anapiga kipande kifupi cha gitaa au kinanda au ngoma, anakirekodi, anakiacha kijirudie, kinazunguka kinazunguka, wao wanaita luupu. Baadaye vile vipande akavipeleka kwa wenzake, wakakutana California, sehemu inaitwa Stinson Beach, kuna studio iko kwenye nyumba juu kilimani inatazama bahari ya Pasifiki, wakawa wanavijenga pale, huyu anaongeza besi, huyu ngoma, huyu kinanda. Yaani wimbo haukuanza na maneno wala na kiitikio. Ulianza na kitu kidogo kinachozunguka na watu wakakizoea kwanza kabla hawajakiongezea.

Sasa mtu wa kwetu hapa ukimweleza luupu kama uvumbuzi atakucheka. Nenda ngoma yoyote ya unyago au jando huko Nanguruwe, Kitaya, panda mpaka Newala, utaona. Kwanza ngoma zinapelekwa kwenye moto wa nyasi zikazwe, vijana wanazigeuza geuza kama wanachoma mahindi, mmoja anagonga na kidole anatega sikio, anazirudisha. Hamna anayecheza bado. Af moja inaanza, ile ndogo, mdundo mmoja mwepesi, peke yake, muda mrefu mpaka mgeni anaanza kuona kama watu wamesahau kuanza. Ya pili inaingia pembeni yake. Baada ya hapo masikio yako yameshazoea, huisikii tena ile ya kwanza, ipo lakini huisikii, kama usivyosikia mawimbi ukilala Shangani. Ndo hapo sasa mpigaji wa ile kubwa akibadilisha pigo moja, pigo moja tu, uwanja mzima unaruka na kina mama wanapiga vigelegele. Yule mgeni anajiuliza kimetokea nini. Pigo moja lile limepata nguvu kwa sababu ya nusu saa iliyotangulia.

Perennial inafanya kazi hiyo hiyo kwa gitaa. Kuna mahali kipande kinazunguka, kinazunguka, wewe umeshaanza kuwaza mambo yako, deni la umeme, mtoto hajarudi shule, af nota moja ya kinanda inaingia juu yake kwa upole hivi, na mi kila mara napasikia mwili unanisisimka. Ukiniambia niikate ile nota nikusikilizishe peke yake haina kitu. Ndo maana huu muziki haufai kwa sekunde kumi na tano za TikTok, siyo kwamba ni mgumu au wa wasomi, ni kwamba ukiukata umekata mti ukabaki na jani.

Kidogo niseme kuhusu haya mambo ya kwamba ni muziki wa wazungu, maana kuna rafiki yangu kila nikiweka Woods dukani anasema umeanza mambo ya kizungu. Angalia. Bendi iliyouanzisha mtindo huu zaidi ya nyingine ni Incredible String Band ya Uskoti, miaka ya 60, na mmoja wao, Robin Williamson, alienda Moroko akarudi na vyombo, kikiwemo gimbri, kile cha nyuzi cha Wagnawa chenye ngozi ya mnyama. Kwa hiyo toka mwanzo kabisa ngozi ya Afrika iko humo ndani. Na hawa Woods wenyewe albamu yao ya 2016 ina tarumbeta na kinanda ambavyo mtu anayejua jazi ya Ethiopia atavitambua mara moja, zile za kina Mulatu Astatke, mzee wa Jimma, alienda kusoma Uingereza na Marekani akarudi na vaibrafoni, kile chombo cha vibao vya chuma vya kugonga, akaichanganya na skeli za kwao za nota tano. Sasa wimbo umetoka Addis Ababa umeenda New York umerudi Mtwara kwenye memori ya mvuvi, na rafiki yangu anasema wa kizungu. Nilimweleza yote haya akasema bado wa kizungu. Basi.

Jina sasa. Perennial ni neno la watu wa bustani, ni mmea ambao hupandi upya kila mwaka. Juu unanyauka, unakauka, unapotea kabisa, unadhani umekufa, kumbe chini mzizi uko macho, mvua zikirudi unachipua wenyewe. Nilivyoelewa hiyo maana nilifikiria ming'oko hapo hapo. Kwa wasio wa Kusini, ming'oko ni mizizi ya porini, myembamba mirefu kama vidole vya mtu mzee, inachimbwa kiangazi, na anayejua kuchimba haangalii jani maana jani limeshakauka, anatafuta kikamba kikavu tu kinachozunguka kwenye kichaka, anakifuata mpaka chini, anachimba pembeni kwa taratibu asiukate. Bibi yangu alikuwa anafukia kichwa cha mzizi kila akishang'oa. Mwakani anarudi pale pale. Hakuna aliyepanda, hakuna pembejeo, hakuna salfa ya kupuliza kama kwenye mikorosho, na bado kila mwaka vinauzwa stendi vimechemshwa vya moto, unamenya unachovya kwenye chumvi na pilipili.

Na muziki wenyewe umeishi hivyo. Kuna mama mmoja wa Uingereza, Vashti Bunyan, mwishoni mwa miaka ya 60 alifunga farasi kwenye mkokoteni akasafiri kuelekea visiwa vya Uskoti, akawa anatunga nyimbo njiani. Albamu ikatoka 1970. Ikauza nakala chache sana, mamia tu, akakata tamaa, akaacha muziki, akalea watoto akafuga wanyama. Miaka 30. Af 2000 ile albamu ikatolewa upya, akagundua kwamba kuna vijana dunia nzima wanaitafuta kama dawa, na 2005 akatoa ya pili. Kati ya albamu ya kwanza na ya pili ni miaka 35! Mtu huwezi kufanya hivyo kwenye huu muziki wa leo ambao wimbo wa mwezi wa sita ukifika mwezi wa tisa unaitwa wa zamani.

Siyo kwamba naisifia tu. Katikati pale kuna nyimbo zinafanana mpaka naangalia kama umebadilika au ni ule ule, na maneno ya Earl mara nyingi ni mwanga, upepo, maua, siku zinapita, unajikuta unamwambia kaka sema basi kitu kimoja kilichokutokea. Mi napenda wimbo uwe na mtu ndani, jina, mtaa, ugomvi wa nyumba. Dansi letu la zamani lilikuwa linajua hilo, wimbo mmoja una mashtaka, utetezi na hukumu. Hapa unapewa hali ya hewa tu. Kuna siku naona ni uzuri wake na kuna siku naona ni uvivu, inategemea nimekula nini. Nikiwa na hasira siiwashi kabisa, haisaidii, inakutazama tu.

Ila kitu ambacho kimenifanya niinunue, maana niliinunua wenzangu, kwa hela, msishtuke, ni hii ya kujitegemea. Nikae hapa kidogo kwa sababu inaniuma.

Mi kazi yangu ni kuuza nyimbo zisizo zangu. Tuseme ukweli. Jero ninayochukua kwa folda haifiki kwa msanii hata senti, ningesema wote wanafanya hivyo lakini hiyo siyo sababu ni kisingizio, na siku COSOTA, wale wa hakimiliki, wakipita mtaani kwetu na msako mi ntakuwa wa kwanza kufunga mlango. Sasa fikiria mtu kama huyo anakutana na bendi ambayo lebo ni ya kwao, na kazi zao zinauzwa pale Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, unanunua moja kwa moja. Bandcamp wenyewe wanachukua asilimia 15 kwa nyimbo za kupakua, iliyobaki, ukitoa makato ya malipo, inaenda kwa waliotengeneza, na toka 2020 kwenye korona waliweka Ijumaa maalum ambazo hawachukui kabisa fungu lao. Linganisha na kusikiliza mtandaoni bure bure, Spotify toka 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Wimbo wa bendi ndogo unaweza kusikilizwa mara mia tisa kwa mwaka ukaondoka na sifuri.

Na hapa Kusini nani hajui maumivu ya kutopanga bei ya kitu chako? Unalima wewe, unapalilia wewe, unapuliza wewe, unaokota wewe kokwa moja moja mgongo umeinama kama ndoano, af unapeleka ghalani na unakaa kusubiri kusikia mnada umesemaje. Mwaka 2018 wanunuzi walisusa bei, Rais Magufuli akaagiza serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malori ya jeshi yakaja kubeba, mtu yeyote wa hapa anakumbuka ile hali, tulikuwa tunayahesabu barabarani. Kwa hiyo nikisikia mtu ana shamba lake, ghala lake na mzani wake, mi naelewa haraka kuliko mtu wa mjini. Jeremy Earl mpaka michoro ya makava anachora mwenyewe. Huyo ni mkulima anayebangua mwenyewe.

Kununua kwenyewe kulikuwa vita. Nilitengeneza kadi ile ya kwenye simu, ikakataa mara mbili, ya tatu ikakubali lakini meseji ya makato ikaja mara mbili, nikapiga huduma kwa wateja nikasikiliza mziki wao wa kusubiri dakika kumi na mbili (huo nao ni luupu, lakini ule hausisimui mtu), hela ikarudi baada ya wiki. Kupakua sasa. Mi kwa tamaa nikachagua faili kubwa zile zenye ubora wote, bando likaisha nyimbo ya saba, nikanunua jingine, mtandao ukakata, ikaanza upya moja. Nyimbo 11 zilinichukua usiku mbili. Nilivyomaliza nilikaa nje kwenye ngazi nikaisikiliza yote bila kushika simu, kwa mara ya kwanza sijui toka lini nasikiliza albamu nzima kama mtu anavyokula sahani aliyoilipia.

Ndo hiyo albamu nikaikata nikampa mzee.

Kwa hiyo siku ile ya nne nikamwomba memori ili nami nijirudishie nakala yangu, tukacheka, nikaikopi, safari hii nimeangalia kitufe mara tatu. Nikamwekea na GITAA 1 aliyoitaka mwanzo. Akatoa jero, nikamwambia mzee hiyo ya dansi umeshalipa, na hii nyingine mi siwezi kuchukua hela, hii nilinunua, wenyewe wapo, wanauza wenyewe. Nikamweleza habari ya lebo, ya Bandcamp, ya kujitegemea. Alisikiliza vizuri tu. Akauliza wanauza shilingi ngapi nikamtajia nililolipa. Akatikisa kichwa akasema hiyo ni pweza wawili wakubwa, af akaniuliza kama wanalipa na kodi ya ghala, nikasema ghala ni lao, akasema basi hawajambo.

Juzi Jumamosi karudi. Safari hii hakuwa na redio. Amebeba mfuko wa rambo, ameuweka juu ya kioo cha kaunta, nafungua ni ming'oko, mibichi, bado ina udongo, ya mwisho mwisho hii ya msimu, shemeji yake kaitoa Nanguruwe. Kaifunga mafungu mawili kwa kamba za mnazi.

"Hili la kwako njomba, kwa usumbufu," akasema. "Na hili la yule mwenye ndevu. Utajua mwenyewe utamfikishiaje."

Nikamwambia mzee, Marekani ni mbali. Akasema kama nyimbo zimefika huku ming'oko itashindwa nini, akaniaga, akawahi pantoni.

Nimeyachemsha yote mawili sufuria moja. La Jeremy Earl lilikuwa na mizizi minono zaidi, nimekula na chai ya mkandaa, kidogo imebaki nimemwekea mke wangu, ambaye bado anasema spika imeharibika.